Mwanangu ameambiwa achore "kijiji chetu". Achore wapi?

#1 MshonaVitenge
Salaam wakuu. Nina swali, na nina mpaka Jumatatu asubuhi.

Mwanangu ana miaka tisa, yuko P4 (darasa la nne) hapa Kampala. Alhamisi wamepewa kazi ya nyumbani: achore kijiji chao, aandike kiko wilaya gani, ukoo wake ni upi na babu yake amezikwa wapi. Akaandika Nsambya. Daftari limerudi na mstari mwekundu: "Nsambya ni mahali mnapokaa. Uliza nyumbani kijiji chenu hasa." Sidhani mwalimu alikuwa na ubaya. Wenzake darasani wote Krismasi wana pa kwenda, huyu Masaka, huyu Mbale, huyu Kabale. Mtoto akaja kuniuliza na mimi nikakosa la kusema, nguo ya mteja iko mapajani.

Nilizaliwa Goma, Kongo. Nyumba niliyozaliwa iko chini ya mawe ya Nyiragongo tangu Januari 2002, mlima ulipotema moto ukafunika mtaa wetu. Tukahamia Rutshuru kwa mama mdogo. Mwaka 2008 vita vikatutoa Rutshuru, tukavuka mpaka wa Bunagana kwa miguu, tukaingia Uganda, tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mume wangu nilimpata hukohuko kambini, na mtoto alizaliwa hospitalini hapa mjini. Hajawahi kuvuka mpaka. Kiswahili anakisikia na kukijibu, lakini usiku akiweweseka anaweweseka kwa Kiganda.

Mama yangu bado yuko Nakivale. Miaka yote hii amepanda maharagwe na mahindi tu. Mgomba hataki, parachichi hataki. Anasema ukipanda mti umekubali.

Msinipe pole. Niambieni achore wapi.

#2 BodaWaKatwe
Achore Nsambya tena, na safari hii aikolezee rangi. Kazaliwa Uganda, basi ni Mganda. Mwambie mwalimu hivyo.

#3 KaraniMstaafu
#2, polepole ndugu yangu. Sheria haisemi hivyo, na ni vizuri mama huyu aijue ilivyo kabla hajaenda nayo shuleni.

Kuzaliwa ndani ya Uganda peke yake hakumpi mtu uraia. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 1995 kinataka uwe umezaliwa hapa na mzazi au babu au bibi yako awe wa jamii mojawapo ya wenyeji waliokuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa kwa majina: zilikuwa 56, zikafika 65 baada ya marekebisho ya 2005. Au mzazi au babu mmoja awe tayari raia wa kuzaliwa. Kifungu cha 12 kina njia nyingine ya kusajiliwa kwa waliozaliwa hapa, ila kinamtoa waziwazi mtoto ambaye mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Cheti cha kuzaliwa cha hospitali kinathibitisha kwamba kazaliwa. Basi.

Samahani mama, najua si ulichotaka kusikia.

#4 TrelaMalaba
Mganda au Mwuganda? Maana Kiswahili chetu kinawachanganya, mtu wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na mtu wa nchi nzima tunawaita jina moja.

Halafu 1926 kuna nini? Kwa nini isiwe 1900, au 1962 siku ya uhuru?

#5 KaraniMstaafu
#4, tarehe hiyo ndiyo mpaka wa mashariki ulipokaa ulipo leo. Nchi ya upande wa Ziwa Rudolf, wanaloliita Turkana sasa, ilitolewa Uganda ikapewa Kenya. Na kabla ya hapo, mwaka 1902, mkoa mzima wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande huo, Kisumu na Naivasha zikiwemo.

#6 TrelaMalaba
Ngoja kwanza. Babu yangu ni wa Kisumu. Kwa hiyo baba yake alizaliwa Uganda akafia Kenya bila kutoka uwani kwake?

#7 KaraniMstaafu
Kama alizaliwa kabla ya 1902, ndiyo.

#8 TrelaMalaba
Na mimi kila wiki pale mpakani Malaba naambiwa nishuke nipange foleni ya wageni! Leo nimeelimika.

#9 KijanaWaBombo
Dada #1, nimesoma habari ya mti wa mama yako mara tatu.

Nikuambie kitu kuhusu orodha ya Karani. Sisi Wanubi tumo, jina letu limeandikwa. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, waliobaki kule Ziwa Albert, na Lugard, ofisa wa Kiingereza, akaja kuwachukua mwaka 1891. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901. Yaani tumeitangulia reli miaka kumi. Bombo ilikuwa kambi ya askari wa mfalme wa Uingereza, wazee wakastaafu hapo, wakaoa hapo, wakazikwa hapo. Kinubi chetu ni Kiarabu kilichokaa Afrika mpaka kikasahau njia ya kurudi.

Na bado. Nilipokwenda kuomba hati ya kusafiria, karani aliyeketi pale (ofisi siitaji) akaitazama fomu, akanitazama mimi, akauliza, "Nyinyi Wasudani mlikuja lini?" Ilikuwa 2019. Nilitaka kumwambia 1891 lakini nilikuwa nataka hati.

Ndiyo maana nasema karatasi hazitoshi. Tunazo, na swali liko palepale.

#10 MlogoliKigumba
#9, afadhali wewe unaulizwa ukiwa ndani ya orodha. Sisi Wamaragoli wa Kiryandongo hatumo. Babu alikuja Kigumba akakata pori, watoto wake wakazaliwa hapo, sisi tukazaliwa hapo. Tumeandika barua na tumetuma wazee. Kijiji ninacho, kaburi la babu ninalo, hata mwembe wake ninao. Ninachokosa ni mstari mmoja katika kitabu. Ukisema karatasi hazitoshi nakubali, ila aliyenazo asizidharau mbele ya asiyenazo.

#11 KijanaWaBombo
Umenirekebisha vizuri, mzee. Nimepokea.

#12 YeiKoboko
Mimi ni Mkakwa wa Yei, Sudan Kusini. Kiswahili changu cha sokoni, mnivumilie.

Mwaka 2016 tulikimbia, tukaingia Bidi Bidi kule Yumbe, kambi ndiyo kwanza imefunguliwa. Koboko, upande huu wa Uganda, nina shangazi, dada wa baba kabisa. Kakwa wako Sudan Kusini, wako Kongo, wako Uganda. Katika hiyo orodha Kakwa wamo. Kwa hiyo kabila langu limo, mimi simo. Shangazi anapika, mimi nakula kwa kadi ya mkimbizi.

Mtoto akiniuliza kijiji namwambia kwa shangazi. Sijui kama ni kweli.

#13 NnalongoMpigi
Mwanangu #1, mimi ni Muganda wa hapa, naandika Kiswahili kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa mwanajeshi, tumekaa kambini miaka. Usinicheke.

Mwalimu kauliza swali la Kiganda. Kwetu mtu bila kika (ukoo) na muziro wake (mnyama au mmea wa mwiko wa ukoo) hatujui tumsalimie kama nani. Na kijiji maana yake ni kiggya, pale ukoo unapozikia. Mtu anaweza kufanya kazi Kampala miaka hamsini, bado tutamfunga kwenye sanda na kumpeleka Mpigi.

Lakini nikuambie tulichokiona. Zamani za mkoloni watu wengi walishuka kutoka Rwanda na Burundi kuja kuchuma pamba na kahawa Buganda. Mmoja alimfanyia babu yangu kazi mpaka akazeeka. Alipokufa hakuna aliyejua amrudishe wapi. Babu akasema azikwe kwetu, pembeni ya migomba. Watoto wake walipewa majina ya kwetu, na leo hao ni ndugu zangu, kwenye lumbe (sherehe ya kumaliza matanga) tunakaa mkeka mmoja. Wapo wengi Buganda wenye asili hiyo na hawaisemi.

Kwa hiyo mimi nakuuliza swali moja. Mkifiwa Nsambya, nani anakuja?

#14 MshonaVitenge
Nnalongo, asante. Mama mkwe wangu alifia mikononi mwangu hapa Nsambya mwaka juzi. Jirani walikuja kabla sijamaliza kupiga simu. Niko kwenye munno mukabi (chama cha kusaidiana kwenye shida) ya wanawake wa mtaa, kila wiki natoa elfu mbili. Walileta sufuria, walileta maturubai, walilala sebuleni siku tatu. Mmoja alinivua viatu kwa sababu nilisahau.

Lakini hatukumzika Nsambya. Tulimpeleka Nakivale, karibu na baba mkwe. Ardhi ile si yetu, ni ya serikali. Na baba yangu mzazi amezikwa Rutshuru, tangu tulipomfukia hatujaliona kaburi. Kwa hiyo "babu amezikwa wapi" ina majibu mawili, na hakuna hata moja ambalo mtoto anaweza kulipelekea maua.

#15 BodaWaKatwe
Nimeisoma #3 na hii. Nafuta nilichosema #2, niliongea haraka.

#16 MasindiMsituni
Habari ya makaburi naipinga kidogo. Mimi ni wa Masindi. Nenda Nyabyeya, pembeni ya msitu wa Budongo. Wakati wa vita vya pili vya dunia Waingereza walileta wakimbizi wa Poland, kama 7,000, wakawagawa Nyabyeya na Koja. Walijenga kanisa la matofali ambalo tunasali mpaka leo. Walilima, walisomesha watoto, walizika watu wao. Vita vilipokwisha walitawanyika, na makaburi yapo.

Kama kaburi ndilo kwenu, basi Wapoland ni watu wa Masindi. Hakuna anayesema hivyo, wala wao wenyewe hawasemi. Ni watoto wetu wanaofyeka majani pale.

#17 MjukuuWaJinja
Niongeze na upande ambao hauna kaburi kabisa.

Sisi ni Wahindu. Babu alikuwa na duka Jinja. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na siku zilizotolewa zilikuwa 90. Familia ikaangukia Leicester, mji wa Uingereza ambao baraza lake lilikuwa limelipa tangazo gazetini Kampala kutuambia tusije! Tulikwenda, na mji ukabadilika kwa ajili yetu.

Bibi alikaa Leicester zaidi ya miaka thelathini. Jikoni alihesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu. Kigujarati alisali nacho, Kiingereza aliendea kwa daktari. Alipokufa alikuwa ameacha neno, kwamba majivu yake yasitiwe mto wowote wa Uingereza. Tulikuja nayo Jinja, pale Nile inapotokea ziwani, ambapo hata sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa mwaka 1948. Maji yakamchukua kuelekea Misri. Sasa niambieni, kwao ni wapi?

Mimi nimerudi Jinja tangu 1993. Watu wa hapa wananiita muyindi na kule Leicester nilikuwa Mwafrika.

#18 TrelaMalaba
Pole mkuu. Lakini nyinyi si mlifukuzwa kwa sababu mlikuwa na pasipoti za Uingereza? Raia waliachwa.

#19 MjukuuWaJinja
Ndivyo ilivyotangazwa. Ukweli wa foleni ulikuwa mwingine. Waliokuwa raia wa Uganda waliitwa wakahakikiwe, na wengi walitoka na hati zao zimekataliwa. Babu alikuwa na karatasi za Uganda. Zilikataliwa mbele yake. Kwa hiyo ninaelewana na #9 na #10 kwa wakati mmoja: karatasi ni kitu kikubwa sana, na inaweza kuchanwa.

#20 KisenyiDukani
Msomali hapa, Kisenyi. Nilizaliwa Mogadishu, Kiswahili nilikipata Eastleigh, Nairobi, duka nikalifungua Kampala. Kwetu ukiuliza "wa wapi" hujibiwi mji, unajibiwa "mtoto wa nani", nami nakuhesabia mababu mpaka ulale. Nyumbani kwangu naibeba mdomoni. Dada, mfundishe mtoto mababu zake saba kwa majina, hiyo hakuna mpaka utakaoizuia. Kijiji achore chochote.

#21 NakivaleYaZamani
Nimekuwa nasoma kimya. #1, mama yako na marehemu bibi yangu wangeelewana.

Sisi ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Babu alifika Nakivale wakati ndiyo inaanza. Bibi naye miaka ya mwanzo hakupanda mgomba, baadaye akachoka kungoja akapanda. Tukahama tukanunua shamba upande wa Mbarara, tukawa na ng'ombe. Oktoba 1982 tukafukuzwa: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, majirani tuliosali nao ndio waliotuonyesha njia ya kutokea. Tukarudishwa kambini. Bibi alisema, "Niliwaambia msipande."

Mwaka 1994 baada ya vita tukaenda Rwanda, "nyumbani", neno nililolisikia tangu nanyonya. Kigali wakatuita Abasajya, jina la waliotoka Uganda, kwa sababu tulikuwa tunasalimiana Kiganda na kula matoke. Nilipokaa miaka sita nikarudi Uganda, kwa hiari yangu, sijafukuzwa na mtu. Nina duka Mbarara. Ninapoona vilima vya Isingiro, ilipo Nakivale, nikiwa kwenye basi, kuna kitu kinashuka hapa kifuani. Kigali hakikushuka. Sina maelezo mengine.

Ushauri wangu: usimpe mtoto mahali pa kurudi ambapo hujamfikisha. Nililelewa na ramani ya mahali nisipopajua, na nilipofika nilikuwa mgeni mara mbili.

#22 KaraniMstaafu
#21 umenigusa. Nami nirudi kwenye sheria, maana kuna mlango mmoja sikuutaja. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi anaweza kuomba uraia wa tajnisi, ule anaopewa mgeni aliyekaa muda mrefu. Masharti: awe amekaa Uganda jumla ya miaka 20, na miezi 24 ya mwisho mfululizo, ajue Kiingereza au lugha ya wenyeji iliyokubaliwa, awe na mwenendo mwema. Mama #1 aliingia 2008, kwa hesabu atatimiza 2028. Weka kila karatasi uliyonayo.

#23 NakivaleYaZamani
Karani, mlango upo kwenye kitabu. Kambini kuna watu wana miaka 25, 30, wameomba, na katika ninaowajua mimi hakuna aliyepata. Sisemi asijaribu.

#24 BodaWaKatwe
Na Kiswahili je? Ni lugha rasmi ya pili tangu 2005, akiongea si inatosha?

#25 NnalongoMpigi
Kiswahili! Panda taksi ya Kawempe uongee Kiswahili uone watu wanavyoshika mikoba. Wanadhani ni jeshi au ni mwizi. Mume wangu alikuwa ananong'ona.

#26 TrelaMalaba
Kweli kabisa. Ila njaa ikikushika, Kiswahili ndicho kinachokupeleka Nsambya kwa Wakongo kula sombe (kisamvu) na samaki. #1, zile samaki ndogo mnazokaanga zinaitwaje? Mukene?

#27 MshonaVitenge
Mukene wapi! Ni sambaza, za Ziwa Kivu. Mukene ni mkavu na una mchanga. Sambaza unaikaanga inalia, unakula na kichwa chake. Kitu pekee cha Goma ambacho mwanangu anakijua kwa ulimi ni sambaza, zikiletwa na wale mama wa Bunagana. Hiyo ndiyo samaki yetu ya asili.

#28 MvuviKasenyi
Mama, nakuheshimu, ila sambaza si ya asili ya Kivu. Nimefanya kazi ya samaki miaka mingi. Kivu lilikuwa halina samaki wa aina hiyo. Sambaza ilitolewa Ziwa Tanganyika ikatiwa Kivu mwaka 1959. Ikazaana. Na mukene mnaoudharau ndio mwenyeji halisi wa Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, wakati mputa, yule sangara mkubwa mnayemsafirisha Ulaya, alitiwa humo miaka ya 1950.

#29 MshonaVitenge
1959? Una hakika? Bibi yangu alikuwa anaziimbia.

#30 MvuviKasenyi
Nina hakika. Bibi yako alikuwa msichana zilipoingia.

#31 NakivaleYaZamani
1959. Mwaka ambao babu alivuka.

#32 MlogoliKigumba
Tusitoke nje ya mada, kesho kutwa ni Jumatatu. Mimi nasema achore Nakivale. Babu yake mmoja na bibi yake mmoja wamelala pale, bibi mwingine yu hai pale. Serikali ikidai ardhi, idai.

#33 KijanaWaBombo
Mimi nasema Nsambya. Mtoto alijibu mwenyewe mara ya kwanza bila kuelekezwa na mtu mzima.

#34 KisenyiDukani
Mababu saba.

#35 MshonaVitenge
Jumapili usiku. Nimechelewa kurudi, tulikwenda Nakivale jana na basi la asubuhi. Nilimwambia mtoto akamuulize bibi yake, mimi nimeshindwa.

Amechora. Kuna nyumba ya bati ya Nsambya na mashine yangu mlangoni. Nyuma yake shamba la maharagwe. Pembeni ziwa na samaki wenye macho makubwa, na mlima unaotoa moshi. Kwenye ukoo ameandika majina matano, bibi alifika hapo akasema mengine atakumbuka kesho. Wilaya ameacha wazi, anasema mwalimu atajaza.

Mama alivaa miwani akaishika karatasi muda mrefu. Nikadhani atalia. Akasema, "Mlima ameuweka upande siyo," akaomba penseli.

#36 MvuviKasenyi
Alikuwa ameuweka wapi?

#37 MshonaVitenge
Ng'ambo ya ziwa, kusini.

#38 MvuviKasenyi
Mama yuko sawa. Nyiragongo iko kaskazini mwa Goma. Ukiwa kwenye mtumbwi unarudi na sambaza, unaiona mbele yako.